Nati Nane za Sola Yangu

Mume wangu alikuwa juu ya paa yangu, saa sita mchana, jua liko katikati ya kichwa, ameshika spana anafungua paneli za sola. Na mimi nilikuwa chini, simu sikioni, naambiwa kwamba huyo huyo mume wangu amekufa. Sikuwa naota. Sikuwa na homa. Mimi niliishia darasa la nne, hilo nakubali, lakini macho yangu hayakuishia darasa la nne.

Ngoja nirudi nyuma mjue alifikaje huko juu.

Naishi upande wa Itumbe, kwenye majani chai. Paneli hizo mbili zilitoka kwa chai ambayo mikono hii ilichuma, asubuhi za baridi mpaka vidole vinakataa kukunjuka. Nyumba yetu ikawa ya kwanza kuwaka taa kwenye kilima chetu. Halafu mume wangu, Baba Nyaboke, akaoa mke wa pili, Kwamboka, akamjengea upande wa Ogembo. Msichana wa meno meupe, anacheka hata akiulizwa njia. Mnataka niseme nilimpenda? Nilimwonea wivu mpaka chakula kikakosa ladha mdomoni. Kitu kimoja tu kilinipa raha: kwake ni koroboi, kwangu ni taa. Nilikuwa nawasha balbu ya nje mapema, jua bado liko, ili wanaopita wakamwambie.

Wakamwambia. Baba Nyaboke akaanza kusema moshi wa koroboi unamuumiza Kwamboka kifua. Baadaye akasema mimi nitaletewa umeme wa nguzo, nisubiri tu. Mwisho akatoboa: anazitoa zote mbili, anaenda kumfungia yeye.

Sasa sikilizeni hapa. Zamani kwetu Kisii nyumba ya nyasi ilikuwa na kijiti juu kabisa ya paa. Mwenye mji akifa, kijiti kinatolewa, na kila anayepita anajua hapa mwanamume ameondoka. Siku hizi ni mabati, vijiti hakuna, lakini wazee bado hawapendi kitu kishushwe kutoka kwa paa ya mtu aliye hai. Nilijua hayo yote. Ndiyo maana nilisema nilichosema.

"Zitoe," nikamwambia. "Lakini utazitoa ukiwa maiti."

"Umesema?"

"Nimesema."

 Alhamisi asubuhi akaenda Ogembo na fundi anayeitwa Ombati, wafunge vyuma kwanza kwenye paa ya Kwamboka, halafu kesho yake waje kwangu kuchukua paneli.

Mchana nilikuwa nje naambua maharagwe nikasikia miguu juu ya mabati. Nikainua macho, ni yeye. Nikajiambia, kumbe hata kesho ameshindwa kungoja, huyo msichana amemtuma haraka hivyo. Kwa hasira sikumsalimia. Hasira ndiyo ilinifanya nisione mapema. Hapakuwa na ngazi ukutani. Alikuwa miguu mitupu, na mabati ya saa sita nani anakanyaga? Nati zilikuwa zinaanguka moja moja karibu na sufuria yangu, mimi naokota naweka kwenye leso. Zilikuwa baridi kama zimetolewa mtoni. Akainua paneli, akaielekeza kwa jua, na kioo hakikung'aa hata kidogo.

Simu ikalia. Kwamboka.

"Mama Nyaboke, mzee ameanguka. Ameanguka kutoka juu ya nyumba, hapumui."

Nikamwambia, "Acha uongo. Mzee yuko hapa kwangu anatoa sola akuletee. Wewe huna haya?"

 Akasema polepole, "Mama, niko naye hapa. Nimemshika kichwa."

Nikatazama juu. Baba Nyaboke alikuwa ananitazama, paneli zote mbili kwapani kama magazeti.

"Nimezitoa vile ulisema," akasema.

Majirani walinikuta chini, nimezirai. Paa ilikuwa tupu. Kwenye leso kulikuwa na nati nane.

Jioni hiyo tulienda na shemeji zangu kuchukua mwili. Niaminini, paneli zangu zilikuwa tayari juu ya paa ya Kwamboka, ile moja ina mkwaruzo wa tawi la avokado, naijua kama uso wa mtoto wangu. Nani alizileta? Ombati anaapa alifunga vyuma tu, kisha Kwamboka akamwita chini anywe chai, naye akashuka akamwacha mume wangu huko juu bila kamba. Chai! Hayo amesema kwa mdomo wake mbele ya shemeji zangu.

Tulimzika kwangu, mimi ndiye mke wa kwanza. Mchungaji wetu wa Sabato ananiambia wafu hawajui lolote. Mimi namwonyesha nati. Mvua ya mawe imepiga Ogembo mara mbili, mabati yakatoboka, paneli zisizo na nati hata moja hazikusogea. Nimetuma mafundi wawili wakanirudishie. Walipanda, wakashuka, hawakusema waliona nini, na hawapokei simu yangu tena.

Sasa mimi ndiye wa koroboi. Wapita njia wananiambia balbu ya nje ya Kwamboka inawaka mapema, jua bado liko, na yeye anasema hagusi swichi. Mnaelewa uchungu huo? Nina kaburi, lakini mtu mwenyewe anafanya kazi kwake.

Wewe unayesoma, ukigombana na mtu wako, usimwambie atafanya jambo akiwa maiti. Anaweza kutii. Kosa langu mimi nimelisema hapa mbele ya watu. Kwamboka na Ombati bado hawajasema lao. Ninyi wawili, mlimwacha juu kwa sababu ya chai. Njooni Itumbe, msimame kando ya kaburi, mzihesabu hizi nati nane, halafu mniambie nani alifunga paneli zangu kwenye ile nyumba, na amezishika na nini mpaka leo.