Kitabu cha Majoka Nilichokipendekeza Bila Kukimaliza

Binamu yangu, binti wa shangazi ninayeishi kwake hapa Bariadi tangu nimalize chuo, aliniomba nimpendekezee riwaya yenye majoka na msichana shujaa. Ijumaa angeisimulia mbele ya klabu ya kusoma shuleni kwao. Alitaka shujaa ambaye wavulana wasingeweza kumcheka. Muhula uliopita mwenzake alisimulia kitabu cha mapenzi, wakampachika jina la Chagulaga. Huku Usukumani hilo ndilo neno wanaloimba vijana wanapomzunguka msichana anayetoka mnadani, wakimkimbiza mpaka achague mmoja wao. Yule binti hakurudi tena klabuni.

Ombi dogo. Nilikaa nalo siku nne. Nina shahada ya fasihi na sina kazi, kwa hiyo hata swali la namna hiyo naliona kama usaili. Niliorodhesha vitabu kumi na kimoja vilivyokuwa kwenye simu yangu, nikavikata kimoja baada ya kingine. Vyote nilividharau. Kila shujaa ana nywele nyeupe kama fedha na upanga wenye jina. Kufikia ukurasa wa tisini anapaa juu ya joka, lakini tangu ukurasa wa kwanza hajateka maji, hajapika, wala hajaingia kwenye siku zake. Joka lenyewe halijulikani linakula nini. Mtu yeyote aliyekulia kwenye zizi la ng'ombe kule Meatu angeanza na swali hilo: mnyama mkubwa hivyo, kiangazi analishwa wapi? Waandishi hawa hawajawahi kufuga hata kuku. Na wale wanaowasifu mtandaoni, ambao kila wiki wana kitabu kilichowatoa machozi, ni watu wanaolia kirahisi mno.

Mwishowe nilimpa kile kilichosifiwa zaidi. Mimi mwenyewe nilikiacha njiani, pale yai la joka linapopasuka, kwa sababu mwandishi alitumia kurasa tatu kueleza macho ya mwana wa mfalme. Nilimwambia ni kizuri, kwa ile sauti ya mtu aliyesoma.

Jumatano alasiri tulikuwa uani sote watatu tukichambua choroko. Shangazi akamtaka binti yake asimulie, azoee. Alisimulia vizuri, lakini alipokaribia mwisho sauti ikapungua. Msichana ameshinda vita, joka lake limechoma ngome, kisha wana wa wafalme wawili wanampigia magoti, mmoja kulia, mwingine kushoto, na jeshi zima linasubiri aseme anamtaka yupi.

Shangazi alitupa kijiwe pembeni. "Hiyo si chagulaga?"

Binamu alinigeukia mimi. "Dada, wewe ulikimaliza?"

Nilianza kueleza kwamba riwaya za aina hii zina kawaida zake. Nikajisikia ninavyoongea, nikajidharau kuliko nilivyomdharau mwandishi. Nikasema sikukimaliza. Kurasa mia sita, ramani mbili za nchi zisizokuwepo, kumbe ni njia ya kutoka mnadani Mwandoya, imewekewa mabawa tu.

Shangazi aliendelea bila kuinua macho kwenye ungo. Alipokuwa na umri wa binti yake, alisema, walimzunguka watano akitoka kuuza maziwa huko huko Mwandoya. Walikuwa na fimbo, mashati ya rangi kali na tochi mpya, ingawa jua lilikuwa bado linawaka. Akageuza ndoo yake, akaikalia. Akamuuliza kila mmoja kwa upole mama yake ni nani na nyumba yao iko upande gani, kama mtu anayepanga kwenda kumsalimia kesho. Waliondoka mmoja mmoja. Wa mwisho alimwomba asifike kwao.

"Kwa hiyo hukuchagua?" binamu aliuliza.

"Nichague nini, ng'wanawane, mwanangu? Nilikuwa na njaa."

Ijumaa sikula mchana. Akilini nilimwona akikimbia kutoka darasani, nikaona vitabu vyote vya maisha yake vikifungwa kwa sababu yangu. Aliporudi alivua viatu kwanza, akanywa maji, ndipo akasema. Alipofika kwa wale wawili waliopiga magoti, wavulana wa viti vya nyuma wakaanza kuimba lile neno. Akaacha kusimulia. Akavuta kiti, akakaa akiwatazama, akamuuliza wa kwanza jina la mama yake. Kisha wa pili. Wa tatu ni jirani yetu, mama yake huuza nyanya karibu na genge la shangazi, na huyo aliacha kuimba kabla hajaulizwa. Kicheko kikawageukia wenyewe. Mwalimu hakuingilia.

Baada ya hapo alimalizia kitabu kama kilivyo na kuwaambia mwisho wake ni mbovu.

"Nikawaambia aliyenipendekezea hakukimaliza," alisema. "Nipe kingine. Lakini hicho ukisome wewe kwanza, mpaka mwisho."

Niko ukurasa wa mia mbili na arobaini wa hicho kingine. Joka bado halijala kitu.