Siku Niliyoidaka Kaktasi ya Dada kwa Kifua

Sidhani kuna mwanamume mwingine hapa mtaani Ziwani aliyewahi kung'olewa miiba kifuani, tumboni na (samahani) chini ya kitovu, na akina mama wa kanisa, mchana kweupe, mlangoni pake. Chekeni tu, nimeshazoea.

Dada yangu Nekesa alipoenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani aliniachia kaktasi yake, nguzo ya kijani iliyonipita kimo, ndani ya ndoo ya rangi pale nje, akaniambia, "Wafula, wewe huchungi kitu. Hii nikirudi niikute hai." Maneno yaliniuma kwa sababu ni ya kweli, nikaapa nitaitunza mpaka aone haya.

Sasa mnajua kwetu maji huja Alhamisi peke yake, na yakija hakuna anayemwaga hata tone, unajaza mitungi, sufuria, hadi birika. Alhamisi moja vyombo vyote vilijaa ikabaki nusu ndoo, nikaona heri nimpe huyu mgeni wa jangwani naye ashibe. Ikawa desturi, kila wiki nusu ndoo (na ile ndoo ya rangi haikuwa na tundu hata moja chini, na mimi ni seremala wa soko la Gikomba, drili ninayo!). Ilipoanza kuinama nikadhani ni kiu, nikaongeza.

Jumapili moja nimetoka kifua wazi na kikombe changu cha chai, jirani yangu Mama Auma na wenzake wamesimama hapo na sare zao nyeupe wakitoka kanisani, nikasikia krak, nguzo hiyo inawaangukia. Mwenye akili angewaambia watoke, lakini mimi nilimwona Nekesa tu machoni, nikaruka, nikaidaka kwa mikono miwili kama bibi harusi.

"Iachilie, wewe!" akapiga kelele Mama Auma.

"Siachi! Ni ya dada!"

Na sikuiachilia, mpaka walipotutenganisha kwa leso mbili. Wakanikalisha kwenye kigoda, wakatoa kibanio cha nyusi, wakanichomoa miiba mmoja mmoja mtaa mzima ukitazama, na kila nikilia mmoja wao ananiuliza, "Haya ni mapenzi gani?"

Mama Auma akabonyeza shina, maji yakatoka yakinuka. "Umeizamisha. Kata mpaka ufike pazima, ulaze kivulini kidonda kikauke, ndiyo upande kwa mchanga mkavu."

Nilichukua msumeno siku hiyo hiyo, kifua kikiniwaka, nikakata kipande baada ya kipande hadi nyama ikawa safi bila doa. Ilibaki inayonifika kiunoni. Nikaingoja wiki mbili, nikatoboa ndoo, nikatia mchanga na kokoto, nikaipanda, na maji nikainyima. Mwezi wa pili tangu niipande niliitikisa kidogo ikakataa kung'oka, nikajua imeshika mizizi, nikapiga kelele peke yangu kama mwendawazimu.

Ndipo nikampigia Nekesa nikamwambia yote, bila kuficha hata kibanio.

"Sema kitu," nikamwambia, "hata nitukane."

"Uliidaka kwa kifua kweli?"

"Kweli."

"Mimi huku nikianguka, Wafula, hakuna wa kunidaka."

Maji ya kubaki sasa nampa Mama Auma, na sitaruhusu tena Jumapili ipite kabla sijampigia dada yangu.