Mkono wa Nne Juu ya Pipa la Wiski

Siku tuliyochagua bia ya kujaza pipa naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, watu saba tumebanana kwenye kibanda nyuma ya nyumba yangu hapa Tottenham, London, na katikati yetu pipa tupu lililotoka kulaza wiski. Sasa umeniandikia kwamba klabu yenu nayo imepata pipa, na mnabishana mtie bia gani. Ati unaniuliza kwa kuwa mimi ni mtaalamu. Wacha nikwambie utaalamu huo ulinifikisha wapi.

Sisi tulikuwa watu wa kujipikia bia nyumbani. Wakenya watano, Mtanzania mmoja, na Mwingereza mmoja aliyekwisha kuzoea kelele zetu. Hakuna sufuria ya mtu mmoja inayojaza pipa, kwa hiyo ilibidi tukubaliane aina moja, kila mtu akapike jikoni kwake, kisha tumimine pamoja.

Mkubwa wetu alikuwa Mzee Barasa, mtu wa Bungoma, aliyesafisha maofisi ya watu hadi akastaafu. Ndiye aliyenifundisha kupika, na sikuwa mwanafunzi mwepesi. Alikuwa akifunga safari hadi Tooting, kwenye maduka ya Wahindi, kutafuta wimbi, kisha anauotesha bafuni uwe kimea, mkewe akilalamika hana pa kuoga. Siku hiyo alisema tupike bia ya kahawia, nyepesi, yenye kimea cha wimbi. Wiki nne pipani zinatosha. Tuitoe, tuketi pamoja, tuinywe kwa mirija kama wazee wa kwao wanavyokunywa busaa, pombe yao ya nafaka.

Mimi nilikuwa na miaka arobaini hivi, nimesoma vitabu viwili vya bia, kichwa kimevimba. Nikasimama kumpinga. Nikasema pipa hutoa utamu wake wa wiski mara ya kwanza tu, ukilitia bia nyepesi umelipoteza. Tutie bia nyeusi, nzito, ilale mwaka mzima.

“Mimi ningependa kuionja kabla majani hayajaanguka,” akasema mzee. Huku majani ya miti huanguka mwezi wa kumi, baridi ikiingia.

Nikamcheka mbele ya watu. “Mzee, una haraka ya kwenda wapi?”

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Naye akacheka kidogo, akavua miwani akaifuta kwa shati. Tulipoinua mikono, watatu walikuwa kwake, wanne kwangu. Mkono wa nne ulikuwa wangu mwenyewe.

“Haya basi,” akasema. “Jazeni mnavyotaka.”

Na siku ya kumimina alikuja, mwanangu! Alipika sehemu yake ya ile bia nyeusi asiyoitaka, akaileta kwa basi, ndoo mbili, akamimina bila kumwaga tone.

Kumbe daktari alikuwa amemwambia tangu mwezi wa tano. Mkewe alinieleza baadaye. Mzee wa kwetu hasimami mbele ya wadogo zake akatangaza kwamba anakufa. Anazungukazunguka, anataja majani, halafu anangoja mwenye akili aulize. Mwenye akili hakuwepo.

Mwezi wa kumi nilikwenda kumwona hospitalini. Swali lake la kwanza: “Pipa linasemaje?”

“Limetulia, mzee.”

“Niletee hata kijiko.”

Nikamwambia haijaiva. Nikamwambia tukifungua kizibo hewa itaingia, bia iharibike, avumilie miezi tisa tu. Tisa! Naiona mikono yake ilivyokonda juu ya shuka, na bado namhesabia miezi. Akasema, “Sawa, mwanangu,” akageukia dirishani.

Siku ya tatu aibu ikanishinda nikiwa kazini. Nikaomba ruhusa, nikaenda kufungua kizibo, nikajaza chupa ndogo, nikapanda basi nimeikumbatia ndani ya koti. Kitandani pake palikuwa na mtu mwingine, anakunywa chai. Nesi mmoja, binti wa Kisumu, akanishika mkono. “Pole sana, uncle. Ametutoka asubuhi.” Nilirudi na ile chupa, na ninayo hadi leo.

Tulilifungua pipa mwaka uliofuata. Mkewe akaja na mirija saba. Mzee alikuwa ameiagiza Bungoma kabla hata hatujainua mikono, akijua tutamsikiliza. Wote walisema hawajawahi kunywa bia kama ile. Ilikuwa nzuri kweli, na hilo ndilo linaloniua. Nilimeza funda moja, nikaenda nje kulia.

Utaambiwa miaka hutuliza. Mimi haijanituliza, na usije ukanifariji. Jazeni mnachotaka, nyeusi au kahawia, pipa halina neno. Ila kabla ya kuinua mikono, mpitie kila mmoja, hasa mkongwe wenu, umuulize anataka kuinywa lini, na kwa nini. Akikujibu kwa kuzunguka, mfuate nyumbani ukamuulize tena, mkiwa wawili tu. Na mgonjwa akikuomba kijiko, fungua pipa, mwanangu. Bia na iharibike!

Mungu akupe umri mrefu, na akupe masikio mapema kuliko alivyonipa mimi. Wanaokupenda wakutajie majani, nawe uelewe. Na siku ya kuhesabu mikono, wako usiwe ule wa nne.