Bande yetu iko mu shamba ya mutama

Barafiki, niambieni: nicheke ao nilie? Mimi mwenyewe siyui.

Munakumbuka ordinateur yetu ya zamani, ile kompyuta kubwa kama kabati? Na muchezo ya dama tuliyoiandikia jioni, kisha kutoka ku kazi, mpaka mashine ikamushinda chef wetu wa kazi?

Mashine ilienda na pillage, wakati batu baliiba vitu vyote. Mimi niliokoa bande, ile utepe murefu ya plastiki yenye ile program, nikaificha kule Kayna, kwa mama mukubwa.

Leo barabara yenye vita ilifunga imefunguka. Nikaenda kuichukua.

Mama mukubwa akanipeleka mu shamba.

Bande yote imefungwa ku miti, juu ya mutama! Inangaa, inalia mu upepo.

Nikapiga kelele: « Mama, hii ni kazi yetu! »

« Inafukuza ndege muzuri sana, » akasema. « Aksanti, mwana wangu. »

Nikaanza kuikunja. Palepale ndege bakashuka. Nyumba ya mama mukubwa imejaa batu benye kukimbia vita, na banakula ile mutama.

« Weye ulikuwa unataka kuifanyia nini? » akauliza.

Mashine ya kuisoma haiko tena.

Donc nikaifunga tena ku miti, na mikono yangu. Sasa niko ku cyber ya internet, Butembo, na sielewi kama nilifanya muzuri ao niliua kazi yetu.

Mais mama aliuliza kama kuko bande ingine. Nikamuambia: ya pili iko kwa mwenzetu Kasereka.

Kasereka, usikasirike. Utaituma?