Bolti ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi wa mageti, mikono imejaa makovu ya cheche, na maneno ya kumtoa kwa koleo. Siku za mapumziko tulipanda mwamba ule wa msituni, mimi mbele, yeye chini ameshika kamba. Sheria niliiweka mimi: mwamba hautobolewi. Unapachika kabari zako za chuma kwenye nyufa, ukipita zinatolewa, anayekuja kesho aukute kama ulivyoukuta wewe.

Siku moja nikafika pale pagumu, pasipo na ufa hata mmoja. Nikakuta bolti mpya ya kufungia kamba, inang'aa.

"Nani kaweka uchafu huu?"

Kutoka chini: "Mimi."

"Wewe! Umetoboa mwamba?"

"Funga kamba kwanza. Ugomvi tutaumalizia huku chini."

"Sifungi!"

"Mke wangu, mko wawili huko juu."

Sikuwa nimemwambia mtu, hata mama yangu mzazi. Yeye alikuwa ameniona tu nikisukuma mbali kikombe cha chai asubuhi tatu mfululizo. Nikafunga kamba.

Lakini kwa watu nilisema sijaigusa. Miaka arobaini nimesema hivyo, macho makavu.

Mwaka huu mume wangu amefariki. Binti yetu, yule yule wa huko juu, sasa anaongoza wapandaji, na wenzake wanataka bolti zote zing'olewe. Akaja jikoni kwangu.

"Mama, ya baba naiacha. Ndiyo kumbukumbu yake."

"Na mwingine akitaka kuweka ya baba yake?"

"Pale ni pagumu, mama. Mtu atapitaje?"

"Akishindwa ageuke. Kurudi si aibu."

"Wewe uligeuka?"

Hapo nikashikwa. Nikamwambia ukweli wote, hadi kile kikombe cha chai. Alicheka mpaka akashika meza.

"Kumbe aliyetobolesha mwamba ni mimi!" Kisha akajifuta macho.

Nikamletea kopo la maziwa nililolikuta kwenye sanduku la vifaa vya baba yake, chini ya tindo. Ndani mna unga wa jiwe, wa kijivu. Alipokuwa anatoboa aliukinga wote. Juu ya kifuniko ameandika kwa rangi: RUDISHA. Herufi zake nazisoma vizuri, ndiye aliyenifundisha. Alitaka kuurudisha mwenyewe, magoti yakamkatalia.

Binti akalikumbatia kopo, hakubisha tena.

Jumamosi mkwe wangu alishika kamba, nami nikashika mkia wa kamba, maana sikukubali kukaa bure. Binti aliing'oa bolti, akachanganya ule unga na gundi, akaziba tundu kwa kidole gumba.

"Mama, unapaona?"

Nikakodoa macho yangu haya ya kizee.

"Sipaoni!"

Aliposhuka akanitilia bolti mkononi. Ilikuwa na joto la mfuko wake. Sasa iko dirishani, karibu na kikombe changu, na nikiulizwa kama niliwahi kuitumia, nasema ndiyo.