Mashavu ya Kyomuhendo

Siku ya kupokea wakwe, Kyomuhendo aliamka akicheka peke yake: vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekunjika vyote, ngumi kamili. Miezi michache nyuma mkono huo ulikuwa gogo. Alianguka akikamua ng'ombe, mdomo ukaenda upande, maneno yakagoma, na kijiji kizima cha Nyabiyonza kikatoa hukumu kabla maziwa yaliyomwagika hayajakauka: karogwa. Kiharusi, walisema wenye akili zao, ni cha maofisa wastaafu wenye vitambi. Binti wa miaka ishirini na mbili akipatie wapi?

Hospitalini, Daktari Egbert hakuuliza mchawi ni nani. Alimshika kifundo cha mkono wa kushoto, akatafuta mapigo ya damu, akayakosa. Kipimo cha presha kilisoma mkono wa kulia, kwa wa kushoto kikanyamaza. Picha alizopigwa Mwanza zikamaliza ubishi. Kinga ya mwili wake ilikuwa imegeuka mgambo mlevi anayechapa wenyeji badala ya wezi. Kuta za mishipa mikubwa ya damu zilikuwa zimevimba hadi njia ya kwenda kwenye ubongo ikabanwa. Akapewa vidonge vya kutuliza uvimbe na vya kuzuia damu isigande, pamoja na onyo: asiviache ghafla, maana kiharusi cha pili hakibishi hodi.

Vidonge vikafanya kazi. Vikafanya na nyingine ambayo hakuna aliyeiomba: vikamjaza mashavu.

Kwingine msichana angelia. Kwa wafugaji hawa, ambao bibi zao walifungiwa ndani wakanyweshwa maziwa wanenepe ndipo waolewe, ilikuwa sikukuu. Shangazi Kokubanza, mwenye kazi ya kumwandaa bibi harusi, aliyazunguka mashavu yale kama mnunuzi mnadani, akatangaza kuwa uso kama huo hauna ugonjwa. Asubuhi hiyo ya kupokea wakwe akavitwaa vidonge, akavitia kifuani, akaleta maziwa yenye samli.

"Vidonge ni vya wagonjwa, mwanangu," alisema. "Wakwe wakiviona, watarudi na ng'ombe wao."

Wakwe wakafika, wakaketi. Mama yake Bainomugisha, kijana mwenye kuoa, aliyasifu mashavu kwa kirefu hadi Kyomuhendo akasikia utamu. Nusura anyamaze, maana bibi harusi kazi yake ni kuinamisha kichwa. Lakini saa ya dawa ilikuwa imepita, na aliukumbuka ulimi wake ulioshindwa kutamka hata jina lake.

"Shikamoo, mama," akasema. "Mashavu haya ni ya dawa. Daktari atanipunguzia kidogo kidogo, nayo yatashuka. Kama mmekuja kuoa mashavu, oeni kopo la vidonge. Shangazi, naomba dawa yangu."

Bainomugisha akakohoa.

"Mpe, shangazi. Mimi nilimpenda akiwa mwembamba kama fimbo ya kuchungia."

Shangazi akageukia ukutani, akachimba kifuani muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kyomuhendo akainua kikombe kwa mkono wa kulia. Nusu ya maji ikaishia kwenye suruali ya baba mkwe, nusu ikashuka na dawa. Baba mkwe akajipangusa akicheka.

Mama mkwe akasogea karibu, akamnong'oneza Kyomuhendo: hayo mashavu yanaanza kushuka lini hasa, ili harusi waiwahishe kabla hayajaisha?