Nani Anamaliza Managu ya Yunia

Managu, kama mboga yoyote ya majani, yakipikwa husinyaa, hilo hata mtoto anajua. Lakini ya Yunia yalisinyaa kabla ya kuona moto! Anaingia bustanini nyuma ya nyumba yake pale Kapsoit, anachuma mistari miwili mpaka inabaki vikonyo, na beseni halijafika nusu.

Jambo hilo lilimkera, likamtia na hamu ya kujua. Yunia alichuma majani chai miaka thelathini na moja, mpaka mashine za kuchuma zilipoletwa naye akaachishwa kazi. Mtu kama huyo umdanganye na majani? Thubutu! Alitafuta konokono, hakuna. Nyayo za sungura, hakuna. Basi kuna mtu hutangulia kuchuma. Akabaki Adoyo, jirani wa ng'ambo ya ua.

Na huyo Adoyo, kila Jumamosi humletea mayai mawili, hasemi ni ya nini. Mwizi ana namna yake ya kuomba msamaha, Yunia akawaza. Moyo ukamuuma, maana walikaa kambi moja ya wachuma chai tangu ujana, na rafiki mwingine wa kumwambia mambo yake hakuwa naye.

Jumamosi ikafika. Yunia alikuwa akichuma, maneno makali yako tayari mdomoni, Adoyo alipoingia na mayai yake huku akicheka.

"Mama Vivian, unaniharibia kuku! Mahindi hawataki tena, wanangoja tu hiyo mkono yako."

"Mkono gani?"

Yunia akageuka. Nyuma yake kuku watano walikuwa wakigombania managu mabichi. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado juu ya bega, pale pale ulipokuwa ukitupa majani chai kwenye kikapu cha mgongoni miaka yote ile ya kazi. Kikapu kilikuwa kimetundikwa ukutani mwaka wa pili sasa. Ala! Kumbe mkono haukuambiwa kwamba kazi iliisha.

Aliona aibu, akataka kucheka, akajikuta anafuta machozi.

"Siku hizo zote unaniona natupa," akasema, "na huniulizi?"

"Nikuulize nini? Nilijua huna kazi, hata hivyo unalisha kuku wangu. Nikasema huyu ananipenda."

Yunia akayameza maneno yote aliyoyapanga tangu Jumatatu. Akayapokea mayai kwa mikono miwili, akayaweka ndani ya beseni. Kisha akachuma konzi nyingine ya managu, akaitupa nyuma ya bega, safari hii akijua.